Shajara ya utumbo mvivu: miezi tisa ya kuutafutia ratiba

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitaandika wazi. Hii ni shajara ya mpango wangu wa choo, na maneno haja kubwa, kinyesi na glovu yatatokea mara nyingi. Kama uko mezani, maliza kwanza kula.

Kabla hujaiga chochote, ujue mwili ninaoufanyia kazi. Nilikuwa fundi wa rangi. Mwaka 2021 nilianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo nililokuwa nikipaka, uti wa mgongo ukaumia kwenye T10 (pingili ya kumi ya kifua), na tangu siku hiyo sina hisia kuanzia kitovuni kwenda chini. Mikono yangu ni mizima. Jeraha langu liko juu ya ncha ya chini ya uti, kwa hiyo riflekisi (mwitiko wa mwili usiongoja amri) ya njia ya haja kubwa imebaki: misuli ya kubana imekaza, haisikii amri yangu, lakini ukiisisimua kwa kidole au kwa dawa ya kuingiza nyuma inaachia. Aliyeumia chini zaidi, kwenye ncha yenyewe au kwenye mishipa iliyo chini yake, kwa kawaida misuli yake imelegea na riflekisi haipo. Huyo mpango wake ni tofauti kabisa, na nitamrudia mwezi wa Agosti.

Naishi Umoja, Nairobi, na mama yangu, nyumba ya chini. Natengeneza simu kwenye kibanda mita mia mbili kutoka mlangoni. Lengo la mradi: choo siku moja ndiyo, siku moja hapana, chini ya dakika 45, niwe kibandani saa mbili asubuhi, na nisivuje mbele ya wateja.

8 hadi 28 Januari 2024: kuhesabu kabla ya kugusa

Majuma matatu sikubadilisha kitu, niliandika tu. Saa niliyoanza, dakika nilizotumia, nilichokula, maji niliyokunywa, ajali, na namba ya kinyesi kwa chati ya Bristol, ile iliyotolewa mwaka 1997. Ina namba 1 hadi 7. Namba 1 ni vibonge vikavu kama vya mbuzi, namba 4 ni laini na kirefu, namba 7 ni maji matupu. Mwenye riflekisi kama mimi anatafuta namba 4.

Matokeo yalinitia aibu. Choo kila baada ya siku tatu, wastani wa saa mbili na dakika kumi kila kikao, namba 1 au 2, na ajali tano katika majuma matatu. Kikao kilikuwa saa tatu usiku, na sababu yake haikuwa ya kitabibu hata kidogo. Maji ya mfereji kwetu huja usiku, siku mbili kwa juma, na mtu hataki kufanya shughuli hii bila maji ya kutosha. Yaani ratiba ya utumbo wangu ilikuwa imepangwa na bomba.

Chakula: chai ya maziwa na mkate mweupe asubuhi, chapati na maharagwe kibandani mchana, ugali wa unga mweupe wa pakiti na sukuma wiki usiku. Maji lita moja na kidogo, kwa sababu niliogopa kujaza kibofu nikiwa kazini.

Gharama: daftari, shilingi 60.

Kosa la daftari hili nilikuja kuligundua mwezi wa Machi: halikuwa na safu ya dawa.

29 Januari hadi 17 Februari: nyuzinyuzi kwa nguvu

Nikawaza kama kila mtu anavyowaza. Choo ni kigumu, kwa hiyo nyuzinyuzi. Mama akafurahi sana, maana kwake Kitui hakuna tatizo lisilotibika kwa nafaka. Tukabadilisha kila kitu kwa siku moja. Githeri mchana, ndengu au mbaazi usiku, unga wa posho mill badala ya ule wa pakiti, na vijiko vitatu vya pumba za ngano ndani ya uji wa wimbi kila asubuhi. Maji sikuongeza. Hapo ndipo palipoharibika, ingawa si hapo peke yake.

Juma la kwanza ilikuwa gesi tu. Mteja mmoja alihamisha kiti chake hadi nje ya kibanda akasema anataka upepo. Juma la pili tumbo lilijaa, hamu ya kula ikapungua, na vikao viwili vikapita bila kitu. Nikaongeza pumba, vijiko vinne.

Nieleze kilichokuwa kikitendeka ndani, maana sikuelezwa mapema. Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kufyonza maji. Kwa mtu asiyeumia, kinyesi hupita kabla hakijakauka. Kwetu utumbo huenda polepole, na chochote kinachochelewa humo hukaushwa. Ukiongeza mzigo bila kuongeza mwendo wala maji, umeongeza mali kwenye lori lililokwama matopeni. Pumba ni nzuri, lakini si injini.

Gharama: pumba kilo mbili 120, ndengu na mbaazi bure kutoka Kitui, wimbi 180.

19 Februari hadi 9 Machi: pakacha lavuja

Tarehe 19 nikaanza kuvuja. Maji ya kahawia yenye harufu kali, mara nne au tano kwa siku, bila onyo. Nikafurahi, ndiyo, nikafurahi. Nilidhani kizuizi kimeachia. Siku ya tatu nikaona ni kuhara, nikaenda duka la dawa la karibu. Aliyekuwa kaunta aliuliza swali moja tu, "Imeanza lini?", akanipa dawa ya amiba na vidonge vya kuzuia kuhara. Shilingi 480.

Vidonge vile vilipunguza mvujo kwa siku mbili. Kisha ukarudi, mwembamba na mkali zaidi. Nikavaa nepi za watu wazima kazini, pakiti ya kumi shilingi 950, na nikaacha kabisa kula mchana ili nisiaibike.

Waswahili husema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Pakacha langu lilivuja na mzigo ukazidi kuwa mzito.

Mama ndiye aliyegundua. Jioni ya tarehe 9 alinisaidia kugeuka kitandani, mkono wake ukapita upande wa kushoto wa tumbo langu. Akausimamisha hapo, akabonyeza tena.

"Baba, huku kuna boga."

"Ni gesi, Mama."

"Gesi haina kona."

12 Machi: kufunguliwa

Hospitalini, sista wa zamu alinilaza ubavu wa kushoto, akavaa glovu, akapaka jeli, akapima kwa kidole. Hakupandisha sauti. "Kijana, wewe huharishi. Wewe umeziba." Picha ya eksirei ikaonyesha kinyesi kimejaa hadi upande wa kulia wa utumbo mpana. Yale maji yalikuwa yakipenya pembeni mwa jiwe. Dawa ya kuzuia kuhara ilikuwa imeufunga mlango ambao tayari haufunguki.

Ukitoka na kitu kimoja kwenye shajara hii, kiwe hiki: mwenye jeraha la uti aliyekaa siku kadhaa bila choo cha kawaida, kisha akaanza "kuhara", apimwe kwanza kama ameziba, ndipo anunue dawa ya kuzuia. Na tumbo likivimba na kukaza, ukatapika, au hewa isipite kabisa, usisubiri asubuhi.

Ilichukua siku mbili: kutoa kwa kidole kilichofikika, kusafisha kwa enema (maji ya kuingizwa nyuma), kisha unga wa makrogoli, dawa ya kulainisha choo, wa kuchanganya na maji kwa juma zima nyumbani. Kisha daktari akaomba orodha ya dawa zangu. Nikamtajia ya kibofu, oksibutinini. "Na nyingine?" Nikakumbuka tramadoli. Nilikuwa nimeanza kuimeza Januari kwa ajili ya maumivu ya bega, maana kusukuma kiti kwenye barabara za Umoja ni kazi ya punda. Akaweka kalamu chini. Tramadoli hupunguza mwendo wa utumbo. Oksibutinini nayo hukausha kinywa na kuzubaisha utumbo. Nilikuwa nimefunga breki mbili, kisha nikapakia githeri.

Tramadoli iliondolewa, bega likahamishiwa kwa fizio na mazoezi ya mpira wa kuvuta. Ya kibofu ilibaki, kwa sababu kuiacha bila mpango ni hatari kwa figo. Usiache dawa ya kibofu kwa kusoma hapa.

Gharama: teksi kwenda na kurudi 1,600, eksirei 1,200, kitanda na huduma 3,400, makrogoli 1,150. Jumla 7,350, bila kuhesabu siku tisa za kibanda kufungwa.

18 Machi: kuanza upya, kwa adabu

Kanuni mbili mpya, zote za sista yule. Kwanza, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Pili, kipe vikao vitatu hadi vitano kabla hujahukumu. Kwa choo cha siku moja ndiyo, siku moja hapana, hiyo ni siku sita hadi kumi. Ni kipimo kinachochosha roho, hasa ukiwa na mama anayekuja kila asubuhi na wazo jipya.

Nyuzinyuzi tulirudi chini, gramu 15 kwa siku kwa kuanzia. Ni rahisi kufika kuliko inavyosikika. Nusu ya parachichi la kadiri inakaribia gramu 7. Kijiko kikubwa cha upawa cha ndengu zilizoiva, kama gramu mia moja, kinakupa 7 nyingine. Sukuma ya usiku inamalizia. Pumba za ngano nilizigawa kwa kuku wa jirani.

Mama aliuliza kama muthokoi unahesabika. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni yakavuliwa ganda, na ganda ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Tulikubaliana kwamba muthokoi ni chakula cha furaha, kihesabiwe hivyo.

1 hadi 21 Aprili: saa, si sahani

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya saa. Tumbo likipokea chakula au kinywaji cha moto, utumbo mpana hupata msukumo wa kusogeza kilichopo. Msukumo huo huwa na nguvu zaidi baada ya mlo wa kwanza wa siku, na huonekana kama dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Mimi nilikuwa nikifanya kikao saa tatu usiku, masaa mawili baada ya ugali, mwili umechoka. Nilikuwa nikisimama stejini wakati gari limeshaondoka.

Ili kuhamia asubuhi ilibidi nitatue maji kwanza. Tulinunua pipa la lita 100 kwa 1,900, na bomba lisipoleta tunanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, 30 kila mmoja. Kikao kimoja kinakula mtungi mmoja, pamoja na kufua.

Ratiba ikawa hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kikombe cha maji moto, chai, na uji au viazi vitamu. Dakika ishirini baadaye nalala ubavu wa kushoto na kuweka dawa ya kuingiza nyuma. Nasubiri, nahamia kwenye kiti cha choo, nasugua tumbo kwa kiganja kufuata mkondo wa utumbo: kutoka chini kulia, kupanda, kuvuka juu ya kitovu, kushuka kushoto. Kisha kidole chenye glovu na jeli, kuzungusha polepole kwa sekunde 15 hadi 20 kikigusa ukuta, kutoa, kusubiri dakika tano hadi kumi, kurudia. Namaliza nikifanya mara mbili mfululizo bila kitu kutoka, au utelezi ukitoka peke yake. Kucha fupi. Ukiona damu zaidi ya alama kwenye glovu, simama na uulize.

Vikao vitatu vya kwanza: dakika 115, 120, 95. Nilikata tamaa. Cha tano: dakika 70, namba 3. Sikuwa nimebadilisha chakula hata chembe.

24 Aprili hadi 12 Mei: mafuriko, na dawa iliyoyeyuka

Nairobi ilifurika tarehe 24, na barabara zetu zikawa mito. Kiti cha magurudumu hakiogelei, kwa hiyo nilikuwa ndani, na vidonge vyangu vya bisakodili vya kuingiza nyuma (miligramu 10, shilingi 70 kimoja) vilikuwa juu ya friji ya jirani ambako huwa tunavihifadhi. Juu yake, si ndani. Nyuma ya friji kuna joto. Jirani alipovileta viwili vilikuwa vimejikunja kama mshumaa.

Vile vyenye mafuta huyeyuka kwa joto la mwili, na hata kwa joto la nyumba ya mabati. Sasa vinakaa kwenye kopo lenye kifuniko, ndani ya mtungi wa udongo wa maji. Kimoja kikilegea ndani ya karatasi yake, natumbukiza kwenye maji baridi dakika chache, kinashika umbo.

Lakini joto halikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa nililigundua nikizungumza na sista kwa simu, nikilalamika kwamba dawa inachukua dakika 40 na siku nyingine haifanyi kitu.

"Unaiweka wapi?"

"Ndani, Sista."

"Ndani ya nini?"

Kumbe miaka mitatu nimekuwa nikiidunga katikati ya kinyesi. Dawa hii hufanya kazi ikigusana na ukuta wa utumbo. Ikizama kwenye kinyesi inakaa humo kama mbegu. Lazima kwanza uangalie kwa kidole, utoe kilicho karibu, kisha uisukume pembeni, ilale ukutani. Nilifundishwa hivyo mwaka 2021 nilipolazwa katika hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo pale Lenana Road. Nilikuwa na mambo mengi kichwani mwaka ule.

Kuanzia kikao kilichofuata dawa inaitika baada ya dakika 18 hadi 25. Tarehe 12 Mei: dakika 55 zote kwa jumla.

Gharama: vidonge 15 kwa mwezi, 1,050. Glovu sanduku la mia, 750, linatosha mwezi na nusu. Jeli ya maji 350.

3 hadi 28 Juni: kiti

Kiti cha choo nilikuwa nimechongewa na fundi wa vyuma Kariobangi Light Industries kwa vipimo vyangu mwenyewe, shilingi 4,500. Vyuma vizuri, kosa langu. Nilipima upana wa kiuno nikasahau kwamba tundu lisilo na mto ni kisu cha polepole kwa mtu asiye na hisia. Tarehe 3, baada ya kikao, mama aliona doa jekundu kwenye mfupa wa kukalia upande wa kulia. Nusu saa baadaye lilikuwa bado lipo. Doa lisilofifia ni mwanzo wa kidonda.

Siku kumi na moja nilifanya kikao kitandani, ubavu wa kushoto, juu ya karatasi ya plastiki na magazeti. Muda ukarudi dakika 80, kwa sababu mvuto wa dunia ni msaidizi mkubwa na nilikuwa nimemfukuza. Doa likaisha.

Marekebisho: sponji ngumu ya inchi mbili kuzunguka tundu, imefunikwa kwa ngozi ya plastiki ya viti vya matatu ili ifutike kwa urahisi, na mwanya umekatwa upande wa kulia mkono upite bila kukunja bega. Shilingi 1,400. Kisigino cha kila mguu kiko juu ya kibao, magoti juu kidogo ya nyonga. Kengele ya simu inalia dakika ya 15 na ya 30, nainua makalio kwa mikono.

1 hadi 26 Julai: maji dhidi ya kibofu

Sasa ndipo nikagusa maji. Kuna hesabu inayotumika kwa watu wa uti: mililita 40 kwa kila kilo ya mwili, jumlisha 500. Nina kilo 64, kwa hiyo 3,060. Nikajitia ushujaa, nikanywa lita tatu siku ya kwanza.

Natumia kateta, mrija wa kutoa mkojo, mara nne kwa siku. Kibofu kisipite mililita 500 kwa mara moja. Siku ile kateta ya mchana ilitoa 780, na kabla yake nilikuwa nimelowa. Utumbo unaomba maji, kibofu kinaomba ukame, na wote wawili wanakaa chumba kimoja.

Nilichofikia baada ya majaribio manne: lita mbili na robo, nyingi kabla ya saa nane mchana, na kateta ya tano iliyoongezwa saa nne asubuhi. Baada ya saa moja jioni ni kumezea dawa tu. Kateta ya ziada inaongeza karibu 900 kwa mwezi. Ni pesa iliyoniuma kuliko zote, lakini kinyesi kilihama kutoka namba 3 hadi 4 ndani ya vikao vinne na kikakaa hapo.

Mapapai yanahitaji mstari wao. Tarehe 19 niliona mapapai ya 50 Marikiti, nikala vipande vitano kwa furaha. Tarehe 20 saa tano asubuhi, namba 6, kibandani, nikiwa nimeshika simu ya mwanamke aliyekuwa akinisimulia harusi ya dada yake. Sasa ni kipande kimoja, tena jioni ya kuamkia siku ya kikao. Siku ya mapumziko, hapana.

10 Agosti: watu wawili walioniiga

Wawili walisoma daftari langu wakaiga, na wote wawili nusura niwaumize.

Wa kwanza aliumia L2, pingili ya pili ya kiuno. Riflekisi hana, misuli imelegea, na anatoa kwa kidole kila siku. Alitafuta namba 4 kama mimi, akala parachichi na ndengu, na kinyesi laini kikawa kinatoka chenyewe kila akijihamisha kutoka kitini kwenda kitandani. Yeye anahitaji namba 3, kilichoshikana. Alipunguza matunda, akarudisha ndizi za kupika na wali, akaanza kufanya mara mbili kwa siku. Ametulia.

Wa pili aliumia shingoni. Mkewe ndiye humfanyia. Walifuata utaratibu wangu wa kidole, na dakika ya tatu kichwa kikaanza kumgonga, uso ukawa mwekundu, jasho likamtiririka usoni. Kwa aliyeumia T6 au juu yake, kusisimuliwa huko chini kunaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla hadi hatari ya kiharusi. Mkewe alikuwa na akili timamu. Alitoa kidole, akamwinua aketi, akafungua mkanda na soksi, akaangalia kateta kama imejikunja. Dakika kumi likashuka. Lisingeshuka, ni gari na hospitali. Sasa daktari amewapa jeli yenye lignokaini, dawa ya ganzi, ya kupaka dakika kadhaa kabla, na kipimo cha shinikizo kiko mezani kila kikao.

Tangu hapo ukurasa wa kwanza wa daftari umeandikwa kwa wino mwekundu: T10, riflekisi ipo.

14 hadi 17 Septemba: Kitui

Jaribio la safari. Mazishi ya mjomba, siku nne, choo cha shimo, na masaa manne ndani ya gari. Kikao kilifanyika asubuhi ya kuondoka kama kawaida. Nilibeba kiti kikiwa kimefunguliwa miguu, glovu ishirini, vidonge vitatu ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, na mashuka ya plastiki. Kiti kiliwekwa juu ya ndoo nyuma ya nyumba, mabati matatu yakawa ukuta.

Chakula cha msibani ni wali, nyama na muthokoi. Sikubishana. Shangazi aliniuliza mbona nabeba parachichi mfukoni kama mtoto wa shule, nikamwambia ni dawa, akaniletea mengine sita.

Kikao cha tarehe 16: dakika 65, namba 3. Cha tarehe 18, nyumbani: 50. Hakuna ajali.

30 Septemba: hesabu

Vikao 15 vya Septemba: wastani dakika 47, kirefu 65, kifupi 36. Ajali moja, na ilikuwa gesi iliyonidanganya. Mwezi mmoja wa kawaida sasa unagharimu karibu 3,400: dawa 1,050, glovu 500, jeli 350, kateta ya ziada 900, maji ya mkokoteni kama 600. Mwezi wa Machi peke yake ulikula zaidi ya mara mbili ya hizo.

Jaribio linalofuata ni kuchukua dawa ya kuingiza nyuma ninayotumia siku zote na kuibadilisha na gliserini kwa vikao vitano, maana ni nafuu, nione kama riflekisi itatosheka. Sijabadilisha kitu kingine. Mama anataka tuanze tangawizi kwenye chai wakati huohuo. Nimemwambia asubiri hadi tarehe 11 Oktoba. Amekubali, lakini tangawizi tayari iko dirishani, imemenywa.